Chapa ya Mkono wa Kushoto

Tunu Mkude alikuja ofisini kwangu Jumanne, baada ya kipindi cha pili, akaniuliza kama glavu ya kujifunzia gitaa inaweza kumharibia mtu usukaji. Katika miaka kumi na tisa ya kufundisha muziki wa dansi nimeulizwa maswali ya kila aina, likiwemo la mkaguzi mmoja aliyetaka kujua chuo kinafundishaje mambo ya baa, lakini la kusuka nywele lilikuwa geni. Nikamwambia masuala ya saluni hayamo kwenye mtaala. Hakucheka, na Tunu ni mtu wa kucheka.

Akaeleza kwamba kila Jumamosi huwasuka wenzake pale bwenini, kazi anayoifanya tangu akiwa darasa la sita kwao Matombo. Kwa wiki tatu sasa misuko yake ilikuwa inalegea upande mmoja. Mwanzoni alidhani ni mafuta. Kisha akagundua kwamba kidole cha pete cha mkono wa kushoto hakishiki tena nywele. Vingine vinafanya kazi, chenyewe kimekaa tu kama mgeni asiyejua jikoni ni wapi.

Nikamwambia alaze kiganja mezani ainue kidole kimoja kimoja. Gumba likainuka, cha shahada kikainuka, cha kati kikainuka. Kidole cha pete ni kizito kwa kila mtu, jaribu chako uone, lakini chako angalau kitahangaika na mshipa utacheza juu ya mkono. Chake hakikuhangaika. Kilibaki pale bila hata kujaribu, halafu kile cha mwisho kikainuka peke yake kwa wepesi ambao si wa kawaida kabisa.

"Kinauma?" nikamuuliza.

"Hakiumi, Madam. Ila nikikitazama naona kama si changu."

Nilielewa hapo hapo. Nikafanya kile ambacho watu wazima hufanya wakibanwa: nikajifanya najua. Nikamwambia ni uchovu wa mitihani, akikande kwa maji ya moto yenye chumvi, na apumzike kusuka. Akashukuru akaenda zake. Huo ulikuwa uongo wangu wa pili katika jambo hili. Wa kwanza niliuandika miaka miwili nyuma, kwenye fomu, kwa mwandiko mzuri.

*

Wanaosoma leo hawawezi kujua tulivyohangaika kabla ya glavu. Nilikuwa na wanafunzi thelathini, magitaa tisa, na mtaala unaotaka kila mmoja ahitimu akiwa anaweza kupiga gitaa la solo kwa mtindo wa bendi halisi ya dansi. Nikachora shingo ya gitaa ubaoni, nikachora vidole juu yake, na wanafunzi wangu wakahitimu wakiwa hodari wa kuchora vidole. Muziki huu haukuwahi kuandikwa popote. Ulirithiwa kwa kuibwa: chipukizi anakwenda ukumbini, anatafuta kiti karibu na jukwaa, anaukodolea macho mkono wa mpiga solo usiku kucha. Mpiga solo naye akishamjua, anageuka anampa mgongo. Hakuna aliyechukia, hiyo ndiyo ilikuwa shule yenyewe.

Glavu zikaja zikamaliza shida. Kinasa kinafungwa kwenye kifundo cha mkono wa fundi, naye anapiga nyimbo zake kwa siku kadhaa huku kinasa kikisoma amri zote zinazoshuka kutoka ubongoni kwenda vidoleni. Mkusanyiko wa amri hizo ndio tunauita chapa. Mwanafunzi akivaa glavu dakika arobaini kila siku, chapa inapanda kwa njia ile ile kinyumenyume, kutoka mkononi mwake kwenda ubongoni, mpaka ubongo unazizoea zile amri na kuziona zake. Miezi sita inatosha. Mtu aliyekuwa hajui gitaa linashikwa upande gani anapiga solo mpaka wapishi wanatoka jikoni kusikiliza. Wanafunzi, kwa dharau yao ya kawaida, waliziita soksi.

Kilichobaki ni kumpata fundi wa kutoa chapa. Hapa Morogoro alikuwa amebaki mmoja, Mzee Abdu Ngwembe wa Bigwa Jazz, umri wake miaka sabini na minane. Mtindo wa bendi yao waliuita Tia Maji, na kilichoutofautisha ni gitaa lake. Kila baada ya sauti mbili, ya tatu ilichelewa kidogo, kama mtu anayesita mlangoni kabla ya kupiga hodi, halafu ndiyo inaingia. Wapigaji wengine waliiga kwa miaka mingi wakashindwa. Walichelewesha kwa makusudi, na ikasikika kwamba wanachelewesha kwa makusudi. Mkono wa Mzee hakuna aliyewahi kuuona ukifanya kazi. Mashabiki walikuwa wakitania kwamba wanaujua mgongo wake kuliko uso.

Alipokubali kuja chuoni alitoa sharti moja, kwamba chumbani awepo mtu mmoja tu. Nikawa mimi. Nilimfunga kinasa mwenyewe. Kwenye skrini kuna mistari mitano, mmoja kwa kila kidole, na alipoanza kupiga minne ikachemka kama uji huku wa nne kutoka gumba ukiwa umelala. Nikadhani kinasa kimelegea, nikainuka ili nikikaze. Mzee akanishika mkono.

"Usikaze, mwanangu. Hapo hakuna kitu."

Akanieleza kwa sauti ya chini, macho yakiwa kwenye gitaa. Akiwa na miaka thelathini na minane, mashine ya mkonge ilimvuta mkono na kukata mshipa wa kidole cha pete. Bendi aliiambia ana homa ya matumbo. Alijifungia miezi mitatu akajifundisha kuruka kutoka kidole cha kati kwenda cha mwisho, na kule kuruka ndiko kulikochelewesha ile sauti ya tatu. Aliporudi jukwaani watu wakashangilia wakidhani kaja na mtindo mpya. Kiongozi wa bendi angejua angemhamishia kwenye ridhim, na baadaye kubeba spika. Basi akaanza kuwapa watu mgongo. Aliyejua ni marehemu mkewe, na sasa mimi.

"Nisitiri," akasema. "Nimeishi na jina la fundi. Niache nife nalo." Nikaapa.

Swali la kumi na nne la fomu linauliza kama mtoa chapa ana jeraha, maumivu au ulemavu wowote wa mkono. Nikaandika: Hana. Wala sikusita. Nimelelewa kwamba aibu ya mzee haianikwi mbele ya watoto, na kwamba anayekuomba sitara hupaswi kumuuliza kwa nini. Dhara lenyewe sikuliona. Nilijiambia kuwa kidole kisichofanya kitu hakiwezi kumfundisha mtu kitu. Mzee Ngwembe alifariki mwaka uliofuata, akazikwa na jina lake zima. Makaburini nilisimama na siri yangu nikajisikia mtu mwema.

*

Fundi wetu wa glavu anaitwa Kanuti, mtu wa maneno machache ambaye kutwa anatafuna karanga. Nilimwendea Jumatano nikijidai nina makala ninayoandika. Nikamuuliza, tuseme fundi alikuwa na kidole kilichokufa, chapa yake ingekuwaje. Kanuti akaacha kutafuna.

"Kidole kilichokufa hakiko kimya, Madam," akasema. "Kuna amri inakiambia kila sekunde kisiguse. Tena hiyo ndiyo amri yenye nguvu kuliko zote mkononi, maana imerudiwa miaka na miaka."

Akanieleza kwamba kwenye skrini mstari wake unaonekana umelala kwa sababu kinasa kinachora mwendo tu, lakini kinachukua vyote, mwendo na katazo. Mwanafunzi akivaa soksi anafundishwa kupiga na anafundishwa kukiacha kidole. Ubongo mchanga ni mtiifu. Baada ya muda unakifuta kidole kwenye orodha yake, kwa gitaa kwanza, halafu kwa kijiko, kwa vifungo, kwa nywele.

Dawa ipo, akasema, inaitwa kusafisha. Mwanafunzi anavaa glavu siku sita na chapa inavutwa nje. Inafaa ikifanyika kabla ya kutimia miezi ishirini na minne tangu avae mara ya kwanza. Baada ya hapo kidole hakirudi tena. Na kusafisha hakuchagui. Kunaondoa katazo pamoja na ustadi wote uliokuja nalo, na hata sikio linaondoka, mtu asiutambue hata upigaji wake mwenyewe, kwa kuwa sikio la mpigaji lilikuwa limekwisha kufungwa kamba moja na mkono.

Nikauliza chapa yenyewe ingefanywaje. Sheria iko wazi: chapa iliyotolewa kwa taarifa ya uongo inafutwa katika vyuo vyote, na hakuna nakala inayobaki. Kanuti akanitazama kwa muda, akaniuliza kama nina taarifa yoyote ya kutoa. Nikasema sina. Akaninyooshea karanga, nikachukua, nikaenda kuzila ofisini mlango ukiwa umefungwa.

Nikapiga hesabu ya kalenda. Tunu ndiye aliyekuwa wa kwanza kabisa kuvaa soksi ya Mzee Ngwembe. Kwake zilikuwa zimebaki wiki tano. Nyuma yake kulikuwa na wenzake arobaini katika vyuo saba vyenye chapa ile, wengine wakiwa na miezi mkononi na wengine wiki saba, nane. Mahafali yalikuwa baada ya wiki tatu, na Tunu ndiye aliyepangwa kupiga.

*

Ningependa kuandika kwamba nilikuwa natafuta njia ya kumsaidia. Ukweli ni kwamba nilikuwa nalilia mtindo. Mzee amekwisha kuzikwa, bendi ilikwisha sambaratika, na Tia Maji yote iliyobaki duniani ilikuwa ndani ya mikono arobaini na moja ya watoto wa watu. Nikitoa taarifa, mikono yote inasafishwa. Sauti zilizorekodiwa zamani zitakuwepo, ndiyo, lakini hata sisi tulizisikiliza miaka yote bila kujua zinapigwaje. Na jina la Mzee lingeanikwa: fundi aliyedanganya, mwenye kidole kibovu. Nilikuwa nimeapa.

Kwa hiyo nikajipa wiki tatu. Nilijiambia kwamba wiki tano ukitoa tatu zinabaki mbili, na mbili zinatosha. Kila alasiri nilimwita Tunu tukae chumba cha mazoezi, nikisema ni matayarisho ya mahafali. Nilimwomba apige taratibu, sentensi moja moja ya wimbo, nami nikaandika kidole kwa kidole ndani ya daftari. Alifurahi kuliko nilivyotaka. Alidhani ninamheshimu. Mara mbili aliniambia kwamba maji ya chumvi hayajasaidia, nikamwambia avumilie.

Nilijaza madaftari matatu. Siku moja nikachukua gitaa nikapiga kutoka kwenye daftari, bila soksi, mimi na vidole vyangu vitano vizima. Ikatoka vile vile ilivyowatokea wote waliowahi kuiga. Nilikuwa nachelewesha, na ukisikiliza unasikia mtu anachelewesha. Pale pale ningeweza kuacha. Nilikuwa nimebakiza siku tisa kabla ya mahafali na sababu yangu yote ya kusubiri ilikuwa imekwisha, na bado nikasubiri, kwa sababu nilitaka kumsikia akipiga ukumbini mara moja. Hiyo ndiyo sehemu ambayo sijaweza kuisema, hata mbele ya tume ya chuo iliyonihoji baadaye.

Siku ya mahafali Tunu alivaa gauni la kijani alilolishona dada yake. Alikuja mbele kabisa, akaukabili ukumbi uso kwa uso, akapiga sebene dakika saba. Wazazi waliacha sahani zao wakainuka. Baba yake, mkulima wa viazi asiye na mazoea ya kucheza, alikuwa anacheza na mkaguzi. Mimi nililia, na kila aliyenipita alinipongeza kwa kazi nzuri.

*

Nilimwambia Jumatatu. Nilimwambia kila kitu, kidole cha Mzee, fomu, Kanuti, wiki tano ambazo sasa zilikuwa siku kumi, na kwamba barua yangu ya taarifa ilikuwa imeshafika kwa mkuu wa chuo asubuhi ile. Nikamweleza kwamba hatalazimishwa. Anaweza kusafishwa akapata kidole akapoteza gitaa, au akatae, abaki na gitaa na mkono wa vidole vinne. Sikumtazama usoni nilipokuwa nasema. Nilitazama mikono yake iliyokuwa juu ya mapaja.

Nilitegemea anitukane, na ningeshukuru. Akaniuliza nilijua tangu lini. Nikasema tangu siku ile ya nywele.

"Kwa hiyo Ijumaa, kwenye mahafali, ulipokaa pale mbele ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Wewe ulikuwa unaaga, Madam. Wiki tatu nzima na madaftari yako ulikuwa unaaga." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mimi nilidhani ni siku ya kwanza. Ningejua ni ya mwisho ningepiga tofauti."

Nilikuwa nimezoea kujitetea moyoni kwamba nimebanwa kati ya ahadi ya marehemu na mkono wa mwanafunzi. Kumbe kulikuwa na kitu cha tatu ambacho hakikuhitaji kubanwa na yeyote, nacho ni kumwambia tu. Angeambiwa siku ile angekuwa na wiki zake mwenyewe. Huenda angeamua vile vile, huenda angejirekodi, huenda angempigia mama yake wimbo mmoja nyumbani Matombo akijua anachofanya. Mimi nilimsitiri mfu kwa mkono wa aliye hai, na hata hilo nililifanya bila kumuuliza mwenye mkono.

Akachukua siku mbili kufikiri. Alhamisi akaenda kwa Kanuti mwenyewe, bila kupitia kwangu, akasema asafishwe. Wenzake arobaini walifuata mmoja mmoja kadiri barua zilivyowafikia wazazi wao, na mwishoni mwa mwezi chapa ya Mzee Abdu Ngwembe ikafutwa katika vyuo vyote saba vilivyokuwa nayo. Gazeti moja liliandika habari fupi. Na kidole kilitajwa.

*

Mimi sikufukuzwa. Nimeachiwa historia ya muziki, somo la ubaoni, ambamo hakuna anayevaa kitu. Madaftari yangu matatu niliyapeleka maktaba, na mpaka sasa hakuna aliyeyaazima.

Tunu alikuja mwezi wa pili baada ya kusafishwa, kuchukua cheti. Nilikuwa nimeweka ile rekodi ya mahafali kwenye spika ndogo ya mezani, kama ninavyofanya siku nyingi nikisahihisha. Aligonga akaingia kabla sijaizima. Akaniamkia, nikamwitikia, nikamkaribisha kiti. Nikauliza hali ya mkono. Akaunyoosha juu ya meza bila kuombwa, akainua kidole cha pete peke yake, kikapanda taratibu na kikakaa juu. Anasuka tena, akasema, na safari hii ana wateja kutoka nje ya chuo.

Nikatafuta cheti kabatini. Kilikuwa kimechapwa kabla ya yote haya, gitaa la solo, daraja la kwanza, na chuo hakikuona sababu ya kuchapa kingine. Nilipogeuka nikamkuta ameinamisha kichwa kidogo kuelekea spika.

"Anapiga vizuri huyu," akasema. "Ila kuna mahali anaruka. Kama kuna kidole hakitumii." Akasikiliza tena. "Mwalimu wake hakumrekebisha?"

Kanuti alikuwa amenionya kuhusu sikio, na bado nilishika ukingo wa meza. Ningeweza kusema ni rekodi ya zamani. Ilikuwa rahisi, angeamini, angechukua cheti chake tukaagana vizuri.

"Ni wewe, Tunu," nikamwambia. "Ndiyo siku ya mahafali."

Akaniomba nirudishe mwanzo. Akavuta kiti karibu, akasikiliza dakika zote saba, nami nikamwona anatafuta: mara anafumba macho, mara anatazama mkono wake wa kushoto, mara midomo inacheza kidogo halafu inaacha. Watu wakapiga makofi kwenye rekodi na rekodi ikaisha. Akaniuliza kama baba yake alicheza kweli au watu walikuwa wanamtania. Nikamwambia alicheza. Akatikisa kichwa, akakunja cheti akakitia mkobani, akaniaga kwa adabu zote.